Mombasa: maswali mnayoniuliza kila siku, leo nayajibu yote

Mimi nimezaliwa Kuze, Mji wa Kale, na kila shule zikifungwa Desemba simu yangu haipoi. Binamu wa Nakuru, rafiki wa Arusha, yule nlosoma naye ambaye sijamwona miaka kumi, wote "naja Mombasa, niambie niende wapi." Kwa hivyo nimeyakusanya maswali mahali pamoja, atakayeuliza tena namtumia hii.

Kwani Mombasa ni kisiwa kweli?

Ndiyo, na usione haya kuuliza, kuna watu wamekaa hapa mwaka mzima na hawajui. Ukitoka Nairobi unaingilia Makupa, ukitoka Malindi na Nyali unapita daraja la Nyali, na ukitoka kusini unavuka feri Likoni. Siku hizi wa kusini wanaweza pia kuzunguka na barabara ya Dongo Kundu bila kugusa kisiwa kabisa. Lakini kaunti nayo imetoka nje ya kisiwa, Likoni, Changamwe, Nyali na Kisauni zote ni Mombasa, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 kwa jumla. Ukiskia mtu wa Kisauni anasema "naenda taun" jua anavuka daraja.

Mvita ni nini sasa, na Mombasa ni nini?

Ni pahali pamoja. Wazee wanasimulia mji wa mwanzo ulikuwa ukiitwa Gongwa na mtawala wake alikuwa mwanamke, Mwana Mkisi, kisha akaja Shehe Mvita na mji ukachukua jina lake. Wengine wanakwambia hapana, Mvita imetoka kwa vita, na kwa vile vita vilivyopigwa hapa mimi siwezi kumlaumu anayeamini hivo.

Wenyeji wa asili ni Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili, yaliyogawanyika Miji Mitatu na Miji Tisa. Hiyo Miji Mitatu ni Wakilindini, Wachangamwe na Watangana. Changamwe umeiona kwa matatu, Kilindini umeiona kwa bandari, ndo uone sasa, majina mnayopita mkiwa mmelala kwa basi ni ya watu. Mimi mtu akiniuliza historia ya Mombasa humwambia asome vibao vya barabara kwanza.

Mji huu una miaka mingapi?

Mingi. Ibn Battuta alipita hapa 1331, akalala usiku mmoja tu akaenda zake Kilwa, na hata huo usiku mmoja aliuandika. Alikuta watu wacha Mungu, misikiti ya mbao iliyojengwa imara, watu wanaosha miguu kabla ya kuingia msikitini, na chakula chao ndizi na samaki. Akataja na ndimu na tunda fulani tamu mfano wa zambarau. Sasa mji kama huo haukuanza juzi, walikuwa wameshatulia zamani.

Wareno walikuja lini, na mbona wanasemwa vibaya hivi?

Vasco da Gama alifika Aprili 1498. Hapa hakupokewa vizuri, akakimbilia Malindi ambako mfalme alimkaribisha, manake Malindi na Mombasa zilikuwa na ushindani wao wa biashara wa tangu zamani. Basi hapo ndo balaa lilipoanzia. Mwaka 1505 Almeida, Mreno mwengine, akaja na meli zake wakaupora mji na kuuchoma, 1528 wakarudia tena, 1589 tena, na hiyo mara ya 1589 ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu Wazimba, wapiganaji waliotoka kusini, nao walikuwa wamefika upande wa bara, kwa hivyo watu wa kisiwani walibanwa baharini na nchi kavu. Kila mara wakijenga upya. Ukiambiwa watu wa Mvita ni wakaidi ujue kuna sababu.

Fort Jesus inafaa kweli au ni ukuta tu?

Sisi tunaita Ngomeni. Inafaa, lakini inategemea umeingiaje. Ukiingia mwenyewe ukapiga picha ukatoka, ndiyo, ni ukuta tu na jua kali.

Ilianza kujengwa 1593, mchoro ni wa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, aliyekuwa akiwafanyia kazi Wareno. Imekaa juu ya jiwe la matumbawe, na ukiitazama kwa juu ina umbo la mtu amelala kanyoosha mikono na miguu. Kuta zenyewe ni nene, ingia kwenye ile njia yenye kivuli saa saba mchana uone ubaridi wake.

Kuna hadithi mbili nataka uende nazo kichwani. Ya kwanza ni ya Yusuf bin Hassan. Baba yake alikuwa mfalme wa Mombasa, akauliwa kwa njama za Wareno, mtoto akachukuliwa Goa kule India, akalelewa na mapadri, akabatizwa akaitwa Jerónimo Chingulia, kisha wakamrudisha kuwa mfalme wakidhani ni mtu wao. Agosti 1631 akaingia Ngomeni na watu wake kama mgeni, akamchoma kisu kapteni wa Kireno, akautwaa mji na kurudia Uislamu na jina lake. Wareno wakaleta meli mwaka uliofuata wakashindwa, lakini yeye akajua watarudi tu, akapanda chombo akaondoka akawa anaranda baharini. Mimi ningekuwa mtunza makumbusho hiyo ndo ingekuwa ya kwanza mlangoni.

Ya pili ni ile ya kuzingirwa. Waomani walifika Machi 1696 na ngome haikuanguka mpaka Desemba 1698. Miezi thelathini na tatu! Waliokuwa ndani si Wareno peke yao, walikuwemo Waswahili pia, na kuna wakati ngome ilikuwa inashikiliwa na Bwana Daud wa Faza na watu wake baada ya maradhi kuwamaliza Wareno. Meli moja iliyokuja kuwaokoa, Santo António de Tanná, ilizama 1697 hapo hapo mbele ya ngome, na vitu vyake vilivyotolewa chini ya maji utavikuta ndani.

Baadaye Waingereza wakaifanya jela tangu 1895 mpaka 1958, kisha ikawa makumbusho, na UNESCO ikaiweka kwenye urithi wa dunia 2011. Usitoke bila kuona michoro ya meli waliyochora mabaharia wa Kireno ukutani, imechorwachorwa tu kama ya mtoto wa shule aliyechoka na somo.

Bei ya mwananchi na ya mgeni si moja kwa hivyo beba kitambulisho. Na chukua mtu wa kukuelezea, mkubaliane pesa KABLA ya kuingia.

Baada ya Wareno nani alitawala?

Nitaenda mbio hapa. Oman, kisha ukoo wa Wamazrui ambao waliwekwa na Oman lakini wakajiona huru. Wareno walirudi kidogo 1728 wakafukuzwa mwaka uliofuata. 1824 Mwingereza mmoja, Kapteni Owen wa meli ya Leven, akapandisha bendera yao hapa kwa kukubaliana na Wamazrui, serikali yake yenyewe ikaikataa baada ya miaka miwili (Leven House iko mpaka leo, uliza Mji wa Kale). 1837 Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, akawashinda Wamazrui na mji ukawa chini ya Zanzibar. Enzi hizo za Wamazrui ndo alikuwepo Muyaka bin Haji, malenga wetu, ambaye tungo zake za vita na za mapenzi bado watu wanazo vichwani.

Kisha 1888 ikaja kampuni ya Waingereza, 1895 serikali yao, 1896 reli ikaanza kujengwa kutoka hapa na 1901 ikafika Kisumu. Nairobi ilizaliwa njiani kama kituo cha reli, mkizidi kutuita watu wa polepole nitawakumbusha hilo kila siku. Ukanda wa pwani wenyewe lakini kisheria ulibaki wa Sultani wa Zanzibar, bendera yake nyekundu ikapepea Ngomeni mpaka uhuru 1963.

Nikifika Mji wa Kale nianzie wapi?

Anzia Ngomeni ushuke Ndia Kuu. Jina lenyewe hilo ni somo, ndia ni njia kwa Kimvita, kwa hivyo ni Njia Kuu. Nenda saa kumi jioni jua likipungua. Tazama juu, si chini: roshani za mbao, milango ya nakshi, na baraza za mawe nje ya nyumba ambapo wazee wanakaa. Utapita Msikiti wa Mandhry, unasemekana umejengwa 1570, mnara wake mweupe mnene, kisha ushuke mpaka Bandari ya Kale ambako jahazi zilikuwa zikifunga wakati wa kaskazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Siku hizi zimebaki chache.

Usimpige mtu picha bila kumuuliza. Na ukipotea usiogope, kisiwa hiki huwezi kupotea sana, utatokea baharini au utatokea soko la Marikiti.

Naweza kuvaa kaptula?

Beach vaa unachotaka. Mji wa Kale funika magoti na mabega, haikugharimu kitu na utaona watu wanavyokuchangamkia.

Chakula je? Nataka kula kama mwenyeji, si chakula cha hoteli.

Hili swali nalipenda. Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi, na chai ya maziwa. Mchana pilau au biriani, na biriani yetu wali na masala havipikwi pamoja, vinakutana kwa sahani, kwa hivyo usimwambie mpishi amesahau kuchanganya. Jioni ndo mitaa inaanza: mishkaki kwa makaa, sambusa, bhajia, na viazi karai. Viazi karai ni viazi vilivyochemshwa, vikachovywa kwenye uji mzito wa unga wenye rangi ya manjano, vikakaangwa, kisha unakatiwa mapasuo na kumwagiwa ukwaju wa pilipili. Ukivila vimepoa hujavila.

Kahawa chungu inatoka kwenye dele, lile birika la kahawa, ndani ya vikombe vidogo vya sini, ina tangawizi, na unainywa na kashata ama haluwa. Muuza kahawa utamskia kabla hujamwona, anavigonga vikombe mkononi. Usiombe sukari, ataitikia kwa heshima lakini moyoni amekuweka alama.

Watu wanasema lazima nifike "Laithausi", ni wapi?

Ni Mama Ngina, ule ufuo wa mibuyu upande wa kusini wa kisiwa, uliotengenezwa upya 2019. Nenda Jumapili saa kumi na moja jioni.

Pale utanunua muhogo. Muuzaji ana jiko la makaa na kipepeo, anautoa muhogo umeungua ngozi kidogo, anaupasua katikati na kisu, anasugua ndimu iliyochovywa kwenye chumvi na pilipili ya unga tangu mwanzo mpaka mwisho, anakufungia kwa gazeti. Dafu pembeni. Unakaa ukutani miguu inaning'inia. Basi muda si muda linatokeza dude la meli ya makontena kutoka bahari kuu, linaingia mlango wa Kilindini mbele yako pale pale, refu kama mtaa mzima, unaona mabaharia wamesimama ukingoni na watoto wanawapungia mkono, na meli ikipita inaziba Likoni yote, halafu feri zinasimama ng'ambo na ng'ambo kuipisha. Injini yake unaiskia kifuani. Mimi nimeona hiyo kitu mara elfu na bado huacha kutafuna.

Kilindini maana yake ni penye kina. Hapo ndipo mizigo ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na mpaka Kongo mashariki inapoingilia, kwa hivyo ndugu wa Kampala, hilo gari lako lilipita mbele ya huyo muuza muhogo. Vita vya pili vya dunia meli za kivita za Waingereza zilihamia hapa 1942 zikimkimbia Mjapani, na shule ya Allidina Visram wakakaa watu wa kufumbua siri za redio za Wajapani. Waliosoma Allidina wenyewe wengi hawajui.

Feri ya Likoni ni salama? Naskia mambo mengi.

Mwenda kwa miguu ni bure, gari ndo linalipa. Asubuhi na jioni ni msongamano wa ajabu, vua miwani weka mfukoni na simu ishike. Hofu ya watu haikuanza bure, Aprili 29, 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa, na kila familia ya kusini ina jina la kutaja siku hiyo. Sisi tunavuka kila siku lakini. Ukiwa na gari kaa nje ya gari, usijifungie ndani.

Beach gani nzuri?

Ukitaka watu, kelele, ngamia na maboya ya kukodi, nenda Pirates kule Bamburi, ndo beach ya wananchi. Ukitaka utulivu Nyali ama Shanzu. Diani ni nzuri sana ila Diani ni Kwale, msituharibie ramani.

Lakini kabla ya kuuliza beach uliza maji. Watu wa bara wanafika saa nne asubuhi na mataulo wanakuta bahari imeondoka, mwamba na mwani tupu, wanakasirika kana kwamba kuna mtu ameifunga. Maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na saa zinasogea karibu dakika hamsini kila kukicha. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yanajaa sana na kupwa sana. Muulize mvuvi yeyote atakwambia saa bila kuangalia simu. Na maji yakiwa yamepwa usitembee mwambani bila viatu, kuna wale wadudu wa miiba mieusi, nliwahi kukanyaga mmoja nikiwa darasa la tano na shangazi akanitoa miiba kwa maji ya papai bichi na matusi mengi.

Nije mwezi gani?

Kaskazi, Disemba mpaka Machi, ni jua kali na bahari tulivu, bei nazo juu. Masika ya Aprili na Mei mvua, barabara zinajaa maji, ila vyumba rahisi. Mimi ningekuja Agosti au Septemba, kusi inavuma na usiku unalala bila feni. Ramadhani njoo pia, mchana mji umelala na baada ya magharibi ndo unaamka, vyakula vya barabarani hujapata kuviona.

SGR, basi ama ndege?

SGR, yaani treni ya Nairobi, ilianza 2017, inachukua saa tano hivi na ukiwa na bahati unaona ndovu wa Tsavo dirishani. Kata tiketi mapema, Desemba na Pasaka zinaisha. Jambo moja hawakuelezei, kituo kiko Miritini, si mjini. Mpwa wangu alishuka usiku akaitikia teksi ya kwanza bila kuuliza bei, alicholipa mpaka Kuze kilikaribia nauli ya treni yenyewe. Uliza kwanza, ama panda matatu. Basi linakushusha mjini, na huko ukitoka tu ni tuktuk.

Zile pembe kubwa za barabarani ni za ndovu?

Hapana jamani, ni za alumini. Ziliwekwa miaka ya 1950 kwa ajili ya ziara za familia ya kifalme ya Uingereza. Piga picha yako, utoke njiani.

Nna watoto, niwapeleke wapi?

Haller Park, Bamburi. Palikuwa ni shimo la machimbo ya saruji, mawe matupu, akaja René Haller miaka ya 1970 akapanda mivinje mpaka pakawa msitu na twiga ndani. Ndipo alipokuwa Owen, yule kiboko aliyebaki yatima wakati wa tsunami ya 2004 akamganda kobe mzee akamfanya mama. Wakirudi wapitishe Kengeleni. Pale palikuwa Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru kuanzia 1875, na kengele yao ilikuwa inagongwa kuonya hatari, ndo pakaitwa Kengeleni. Mnara wa kengele upo hapo pembeni mwa barabara na magari yanaupita wala hayaangalii.

Kiswahili chenu mbona siwaelewi?

Ni Kimvita. Njia ni ndia, njaa ni ndaa, jua ni yua, kuja ni kuya, moja ni moya, macho ni mato. Vijana siku hizi wanachanganya na sheng lakini mpe mzee wa Kibokoni dakika tano za hasira uskie. Kiswahili cha vitabuni kilichukua cha Unguja, sisi tukabaki na chetu.

Usalama?

Mji mkubwa kama mwengine. Vichochoro usiku wa manane hapana, simu usiichezeshe dirishani mwa tuktuk, beach usiache mkoba ukaenda kuogelea. Na usije na mifuko ya plastiki, Kenya imeipiga marufuku tangu 2017 na wageni wa Tanzania bado mnakamatwa nayo.

Zawadi ninunue nini?

Marikiti ununue viungo, mabuyu mekundu, achari ya embe na kahawa. Kisha Biashara Street kwa leso. Leso zinauzwa doti, yaani mbili zilizoshikana, na mwenye duka atakukatia na kuipindisha fundi aliye hapo nje akiwa na cherehani. Ila SOMA maandishi. Kuna rafiki yangu wa bara, hasomi Kiswahili haraka, aliipenda rangi, akampelekea mama mkwe doti nzuri ya buluu, akaivaa kwa furaha mbele ya mashemeji wote. Imeandikwa Hasidi hana sababu.